Mpangaji, bima ya mwenye nyumba si yako

Asubuhi moja katika mtaa ninamoishi, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa akipiga pasi sare za wanawe wawili stima ilipopotea. Kulikuwa bado na giza. Akawasha mshumaa, akawavisha watoto sare zilizokunjamana, akawasindikiza hadi kwenye basi la shule, kisha naye akashika njia kwenda kazini. Pasi aliiacha pale pale ilipokuwa, juu ya blanketi kitandani, bila ya kuzima swichi. Nani miongoni mwetu hukumbuka kuzima kitu ambacho tayari kimezimika? Ilipotimia saa nne hivi, stima ikarejea. Kufikia saa tano moshi mweusi ulikuwa ukifuka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, na vijana wa mtaa walikuwa wakipokezana ndoo za maji kwenye ngazi. Gari la zimamoto lilipowasili, moto ulikuwa umekwisha kula na kushiba.

Hakufa mtu, na kwa hilo tulimshukuru Mungu. Lakini mwalimu alirejea akaukuta mlango wake umegeuka shimo jeusi. Vitanda, magodoro, runinga, friji ambayo alikuwa hajamaliza kuilipia, kompyuta aliyoinunua kwa mkopo wa chama, nguo zote isipokuwa zile alizovaa, vyote vilikuwa majivu. Maji yaliyotumiwa kuuzima moto nayo yalipenya sakafuni, yakaharibu dari na makochi ya jirani aliyekuwa akiishi chini yake.

Sisi majirani tulifanya lile ambalo Wakenya hulifanya siku zote. Tuliunda kikundi cha simu, tukateua mweka hazina, tukaombana michango. Baada ya siku kumi tulikuwa tumekusanya shilingi 43,000. Tulipoketi na mwalimu kuihesabu hasara yake kwa kalamu na karatasi, ilipita shilingi 400,000. Mimi nilikuwa nimetoa shilingi 1,000, na nakiri kwamba nilijiona mkarimu.

"Mwenye nyumba ana bima," watu walifarijiana pale uani. "Kampuni italipa." Kweli, mwenye nyumba alikuwa na bima, na kweli kampuni ililipa. Ilimlipa mwenye nyumba. Kuta zikapakwa rangi upya, dari likabadilishwa, madirisha yakatiwa vioo. Mwalimu hakupata hata ndururu. Miezi michache baadaye akaletewa barua ya wakili. Kampuni iliyomfidia mwenye nyumba ilikuwa sasa ikimdai yeye gharama za ukarabati kwa madai kwamba moto ulisababishwa na uzembe wake. Alinionyesha barua ile akiwa amesimama mlangoni pangu. "Jirani," aliniambia, "moto huu umenichoma mara mbili."

Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kuishika kalamu. Ninataka kuwaambia wapangaji wenzangu jambo moja tu, na yote yatakayofuata ni ufafanuzi wake: mpangaji ambaye hajajikatia bima yake mwenyewe hana bima yoyote, hata kama jumba analoishi limekatiwa bima ya mamilioni.

Hili si jambo la watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilidhihirisha kwamba karibu familia 4 katika kila 10 nchini haziishi katika nyumba zao wenyewe. Mijini hali ni nyingine kabisa, kwani huko ni karibu familia 8 katika kila 10. Kwa maneno mengine, Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu ni miji ya wapangaji. Hata hivyo, ukimuuliza mpangaji wa kawaida kuhusu bima atakutajia ya gari, kwa sababu sheria humlazimisha mwenye gari kuwa nayo, au ya matibabu, kwa sababu hukatwa kwenye mshahara. Bima ya vitu vilivyomo nyumbani mwake hudhani ni anasa ya matajiri wa Muthaiga na Nyali.

Hebu tuanze na kosa la kwanza, lile la kudhani kwamba bima ya mwenye nyumba humfunika mpangaji. Msingi mmoja mkuu wa bima ni kwamba mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye ndiye atakayepata hasara. Mwenye nyumba akipoteza paa, amepata hasara. Wewe ukipoteza kochi lako, yeye hajapoteza chochote. Kwa hiyo mkataba wake husema juu ya kuta, paa, sakafu, milango na mabomba, na pengine juu ya kodi atakayoikosa wakati nyumba inapokarabatiwa. Hauneni lolote juu ya kitanda chako. Si kwamba mwenye nyumba ni mtu mbaya au kwamba kampuni yake ina hila. Kitanda si chake, basi.

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza, na ndilo lililomchoma mwalimu mara ya pili. Kampuni ya bima inapomlipa mteja wake fidia, huchukua nafasi yake kisheria. Ikiwa hasara ilisababishwa na mtu mwingine kwa uzembe, kampuni yaweza kumwandama mtu huyo na kumdai kile ilichokilipa. Kwa mpangaji maana yake ni kwamba bima ya mwenye nyumba huweza kugeuka kuwa mdai wake. Jiko lililosahauliwa motoni, mfereji ulioachwa wazi maji yalipokatika, mshumaa ulioanguka watu wakiwa usingizini, yote haya yaweza kumpeleka mpangaji mahakamani baada ya kumwacha bila ya mahali pa kulalia. Na jirani wa chini, ambaye makochi yake yaliloa, naye ana haki yake ya kudai.

Bima inayomfaa mpangaji ipo hapa Kenya tangu zamani. Makampuni mengi huiuza kama bima ya nyumbani, na huigawa katika vifungu. Kifungu cha kwanza ni cha jengo lenyewe. Hicho ni cha mwenye nyumba, na mpangaji hana haja ya kukilipia. Kifungu cha pili ni cha vitu vilivyomo ndani: samani, nguo, vyombo, mashine. Hivi hukingwa dhidi ya moto, radi, mlipuko, wizi wa kuvunja, kupasuka kwa mabomba, na aghalabu mafuriko pia. Cha tatu ni cha vitu utembeavyo navyo, kama vile kompyuta ya mkononi, kamera au saa. Hiki hugharimu zaidi kwa sababu vitu hivyo hupotea kwa urahisi zaidi. Cha nne humhusu mfanyakazi wa nyumbani, ambaye chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 ana haki ya kufidiwa akiumia akikufanyia kazi. Na kipo kifungu cha dhima, kinacholipa pale ambapo wewe au watu wa nyumbani mwako mmemtia mtu mwingine hasarani bila ya kukusudia. Lau mwalimu angalikuwa na kifungu hiki, ile barua ya wakili angaliipeleka kwa kampuni yake ya bima, nayo ndiyo ingaliijibu.

Hapa yapasa niondoe hofu moja. Wapo wanaodhani kwamba bima hailipi mtu akikosea mwenyewe. Sivyo. Bima haimlipi anayeitia nyumba yake moto makusudi, na wala haipaswi kumlipa. Lakini usahaulifu wa kibinadamu, kama ule wa kuacha pasi, ni mojawapo ya sababu hasa zinazowafanya watu kukata bima. Lau wanadamu wasingalisahau, makampuni ya bima ya moto yangalifunga milango.

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua msomaji amekwisha kuanza kukunja uso. Ada ya vitu vya nyumbani aghalabu hukaribia shilingi 1 kwa kila shilingi 100 za thamani yake kwa mwaka. Hupanda au kushuka kulingana na mtaa, ulinzi, aina ya jengo na kampuni yenyewe, na kampuni nyingi huweka kiwango cha chini ambacho ada haiwezi kupungua. Tuseme vitu vyako vina thamani ya shilingi 400,000. Ada yake, pamoja na tozo ndogo ndogo, huenda ikawa baina ya shilingi 4,000 na 6,000 kwa mwaka. Hiyo haizidi shilingi 500 kwa mwezi. Mtu anayelipa kodi ya shilingi 15,000 kila mwezi hutoa shilingi 180,000 kwa mwaka ili aishi ndani ya kuta ambazo si zake. Je, ni kweli kwamba hawezi kutoa shilingi 5,000 kwa ajili ya vile vilivyo vyake?

"Lakini mimi nina nini cha kukatia bima?" mwingine atauliza. Swali hili huulizwa na watu ambao hawajawahi kuhesabu. Ingia chumba kimoja baada ya kingine na karatasi mkononi. Andika kila kitu, na mbele yake uandike bei ambayo ungelilipa leo dukani kukinunua tena. Usianze na runinga. Anza na mashuka, mapazia, sufuria, viatu, mtungi wa gesi na vitabu vya watoto. Vitu hivi tulivinunua kidogo kidogo kwa miaka kumi, kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, ndiyo maana hatuijui jumla yake. Moto hauvichukui kidogo kidogo.

Tena hesabu hiyo isifanywe kwa ujanja. Wapo wanaopunguza thamani ya vitu vyao ili wapunguze ada. Mikataba mingi ina sharti linaloadhibu ujanja huo. Ikiwa vitu vyako vina thamani ya shilingi 400,000 nawe ukavikatia bima ya shilingi 200,000, kampuni itahesabu kwamba umebeba nusu ya hatari mwenyewe. Ukiibiwa vitu vya shilingi 100,000 itakulipa shilingi 50,000, na baada ya hapo itakata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima hutakiwa kuibeba. Kuongeza thamani nako hakuna faida, kwani hulipwi zaidi ya ulichopoteza. Sema ukweli, kwa sababu mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli, na uongo mmoja katika fomu unaweza kuubatilisha wote.

Yupo atakayesema kwamba sisi Waafrika tuna bima yetu, nayo ni harambee. Mimi si miongoni mwa wanaoidharau harambee. Imewasomesha watoto, imewazika wafu, na ndiyo iliyomnunulia mwalimu yule magodoro mapya. Lakini tuitazame kwa macho makavu. Harambee huja baada ya msiba, na huja kwa kadiri ya mifuko ya watu siku hiyo. Tarehe 28 watu hawana kitu. Januari watu hawana kitu. Aliye na jamaa wengi hupata kingi, na aliye mgeni mjini hupata kidogo. Isitoshe, mlipuko ukizikumba nyumba mia moja kwa usiku mmoja, ni nani atakayemchangia nani? Tuliyaona haya mtaa wa Mradi, Embakasi, Februari 2024, lori lililobeba gesi lilipolipuka usiku, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa, na moto ukaziingia nyumba za watu waliokuwa wamelala. Tuliyaona tena miezi miwili baadaye mafuriko yalipoingia Mathare na mitaa mingine ya kando ya mito. Jirani wa kumchangia jirani alikuwa naye ameketi nje na watoto wake.

Bima nayo ni harambee, ila michango yake hutolewa kabla ya msiba. Watu elfu kumi wasiojuana hutoa kidogo kidogo, wakijua kwamba mwaka huo nyumba chache miongoni mwao zitaungua bila ya kujua ni zipi. Atakayeunguliwa hupokea kwa haki, kwa mujibu wa maandishi, wala halazimiki kumpigia magoti mtu yeyote. Wazo hili si geni kwetu. Yule anayeshiriki chama cha mzunguko au kikundi cha mazishi analielewa tayari.

Kwa ndugu zetu Waislamu wanaoingiwa na shaka kuhusu riba na bahati nasibu katika bima ya kawaida, ipo takaful, mfumo wa kusaidiana unaofuata sheria ya Kiislamu. Kampuni ya kwanza ya aina hiyo humu nchini ilianza shughuli zake mwaka 2011. Na kwa wanaosema kwamba kukata bima ni kukosa imani, nitauliza tu kama wao hulala milango ikiwa wazi.

Pingamizi iliyo nzito kuliko zote ni ile isemayo kwamba makampuni ya bima hupokea kwa mikono miwili na hulipa kwa kidole kimoja. Siwezi kuipuuza, kwa kuwa historia inaiunga mkono. Mwaka 1996 Kenya National Assurance, lililokuwa shirika la umma, lilianguka na kuwaacha wateja wake wakihangaika. United Insurance ikafuata mwaka 2005, na Blue Shield ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2011. Mtu ambaye mzazi wake alilipa ada miaka ishirini asipate kitu ana kila sababu ya kuwa na shaka. Haishangazi kwamba katika miaka ya hivi karibuni ada zote za bima zilizolipwa nchini zimekuwa baina ya asilimia 2 na 3 tu ya pato la taifa.

Hata hivyo, shaka ni sababu ya kuwa mwangalifu, si sababu ya kubaki uchi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2006 tuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ijulikanayo kwa kifupi kama IRA. Mamlaka hiyo hutangaza orodha ya makampuni na mawakala waliopewa leseni, na hupokea malalamiko ya wateja. Ipo pia hazina maalumu ya kuwafidia wenye bima kampuni inapofilisika, ijapokuwa hulipa hadi kikomo fulani tu. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi moja, hakikisha jina la kampuni na la wakala yamo katika orodha. Lipa kwa akaunti ya kampuni, usilipe kwa simu ya wakala. Dai risiti na mkataba wenyewe. Na kumbuka kwamba kwa sheria zetu bima ambayo ada yake haijalipwa si bima. Ahadi ya "nitalipa mwisho wa mwezi" haizimi moto wa katikati ya mwezi.

Kisha usome. Madai mengi yanayokataliwa hukataliwa kwa sababu ya maneno yaliyokuwa katika mkataba tangu mwanzo. Wizi unaofidiwa huwa ni ule wa kuvunja. Ukiacha mlango wazi jamaa akaingia na kutoka na runinga, huenda usipate kitu. Fedha taslimu na vito huwekewa kikomo kidogo. Nyumba ikiachwa tupu kwa muda mrefu, mathalani mmekwenda mashambani mwezi mzima na zaidi, kinga dhidi ya wizi yaweza kusimama. Na machafuko ya kisiasa hayamo katika mkataba wa kawaida. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wengi waliochomewa na kuporwa mali walijifunza hilo wakiwa wamechelewa. Kinga hiyo huuzwa kando, na anayeishi mahali penye joto la siasa na aiulizie kwa jina.

Ukipatwa na hasara, piga ripoti kwa polisi na kwa kampuni mara moja, usitupe mabaki kabla hayajakaguliwa, na utoe ile orodha uliyoiandika pamoja na risiti na picha. Nakala zake ziweke mahali pengine. Risiti zilizofungiwa kabatini huungua pamoja na kabati.

Hapo ndipo ninapowageukia wenye makampuni. Mnalalamika kwamba Wakenya hawapendi bima. Je, mmewahi kuisoma mikataba yenu kwa macho ya mpangaji wa Umoja au Changamwe? Ni kurasa ishirini za Kiingereza cha mahakamani, zilizochapishwa kwa herufi za kuwatafuta kwa kurunzi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na anachokinunua. Sioni ni vipi haki hiyo inatimizwa kwa mkataba ambao mnunuzi hawezi kuuelewa. Uandikeni kwa Kiswahili sanifu, kwa herufi za kusomeka, na yale msiyoyalipa yawekeni ukurasa wa kwanza. Anayejua mapema kwamba hatalipwa kwa jambo fulani hataita kampuni nzima wezi baadaye.

Na si kila mpangaji anaweza kuyafuata mawaidha haya leo. Anayeishi katika chumba cha mabati huko Mukuru au Kibera, ambako nyumba zimesongamana na nyaya za stima zimetandazwa kama kamba za nguo, hata akitaka bima hatapata kampuni kwa urahisi. Huyo ndiye moto humtembelea mara kwa mara kuliko sisi sote. Tangu mwaka 2020 tuna kanuni za bima ndogo ndogo, zilizokusudiwa watu wa kipato cha chini. Sharti sasa makampuni yavitafute vyama na vikundi vya wapangaji na kuvikatia bima kwa pamoja, kwa ada inayoweza kulipwa kwa wiki au kwa siku. Serikali za kaunti nazo zifungue njia za magari ya zimamoto. Bima hulipa vitu. Haiwezi kumrudisha mtoto.

Lakini wewe unayeisoma safu hii ukiwa umeketi kwenye kochi ulilolinunua kwa jasho lako, huna udhuru huo. Mimi mwenyewe sikuwa nao. Kwa miaka kumi na mmoja nilipita mbele ya ofisi za bima nikielekea kituo cha basi bila ya kuingia hata mara moja. Juma lile nilipoiona barua ya mwalimu, niliketi na mke wangu tukaihesabu nyumba yetu ya vyumba viwili. Tulidhani tungefika shilingi 150,000. Tulipofika 380,000 tulikuwa bado hatujaingia jikoni. Siku iliyofuata niliomba bei kwa makampuni matatu, nikachagua, nikalipa. Sijawahi kudai kitu, na namwomba Mungu nisidai kamwe.

Mwalimu bado anailipa ile gharama ya ukarabati. Alikubaliana na wakili kulipa kidogo kidogo, na kila mwezi, kabla ya kununua unga, hutuma fedha za kuta ambazo haziko tena machoni pake, maana alihamia nyumba nyingine. Huko alikohamia ana vitu vichache tu: vitanda vitatu, meza, jiko na sufuria. Mwezi uliopita alinionyesha karatasi mbili alizozibandika nyuma ya mlango. Ya kwanza ilikuwa mkataba wa bima. Ya pili, kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni, ilikuwa na maneno mawili ya kusomwa na kila anayetoka: "Zima pasi."

Anza na zote mbili, ndugu mpangaji, na usingoje mwisho wa mwezi.